Shokomzoba za Pikapu na Fedha ya Mkulima

Hotuba iliyotolewa Mtanda, Lindi, katika sherehe za Union kutimiza miaka kumi



Walionitangulia wameeleza habari za korosho, ufuta na mbaazi, na habari za mnada na bei. Mimi nimeombwa niseme juu ya chombo kinachobeba mazao hayo, yaani pikapu, na hasa juu ya sehemu yake moja iliyojificha nyuma ya gurudumu: shokomzoba, ambayo mafundi wetu huiita kwa mkato shokapu. Huenda wengine wakaona kuwa jambo hili ni dogo mno kwa sherehe kubwa kama hii. Lakini kila spea inunuliwayo na chama hulipwa kwa makato ya mkulima, na kila pikapu inayolala njiani huchelewesha mzigo wa watu wengi. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho mwaka 2007, zao lisilofika ghalani haliwezi kuingia mnadani. Kwa hiyo gurudumu nalo limo katika hesabu ya bei.

Barabara zetu mnazijua. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 lilituvusha mto Rufiji, na barabara kuu ipitayo Somanga, Nangurukuru na Mingoyo ina lami. Hata hivyo mkulima hakai juu ya lami. Njia za kwenda mashambani ni za mchanga, mawe na vijimatuta vinavyofuatana kama mawimbi madogo. Tena mvua hazina urafiki na mtu: mwezi wa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, hata barabara kuu yenyewe ilikatika upande wa Kilwa. Pikapu yenye shokomzoba mbovu huteseka katika njia hizo kuliko inavyopasa.

Kwanza yatupasa kujua kazi ya chombo hiki. Watu wengi hudhani kuwa shokomzoba hubeba mzigo. Sivyo. Mzigo hubebwa na springi. Gurudumu likipanda jiwe, springi hujikunja, kisha hujikunjua kwa nguvu, na kama haikuzuiwa ingeendelea kuruka juu na chini. Shokomzoba huizuia. Ndani yake mna pistoni inayosukuma oili ipite katika matundu madogo, na kwa kuwa oili hupita kwa shida, ile nguvu ya kuruka hugeuka kuwa joto na kupotea hewani. Basi shokomzoba ikifa, gari bado litabeba magunia, lakini magurudumu yatadundadunda, matairi yataliwa kwa mabaka, na breki zitahitaji mwendo mrefu zaidi kulisimamisha, maana gurudumu lililo hewani haliwezi kushika breki. Hapo si fedha tu iliyo hatarini, bali pia dereva na mtoto avukaye njia.

Kutokana na hayo hufuata jambo la pili. Mtu akiona pikapu yake imelala nyuma kwa uzito, asikimbilie kununua shokomzoba ngumu. Hiyo si dawa. Na afanye hesabu. Gunia la korosho la kilo 80, yakiwa 12, ni kilo 960. Pikapu ya tani moja imekwisha kujaa. Wakipanda vijana wanne juu ya magunia hayo, imepita kipimo chake. Ama tupunguze mzigo, ama twende safari mbili, ama tukodi lori. Ikiwa springi zenyewe zimechoka au pande moja limevunjika, zitengenezwe kwanza, ndipo tuseme habari za shokomzoba.

Sasa nije kwenye kuchagua. Katika maduka ya spea mtaona aina nyingi ambazo hazikutoka kwa mwenye kuunda gari: KYB ya Japani, Monroe ya Marekani, Bilstein ya Ujerumani, Old Man Emu ya Australia, na nyingine nyingi. Sikuja kuwauzia jina lolote. Nataka mjue maswali ya kuuliza.

Swali la kwanza: je, ni ya oili tupu au ya oili na gesi? Katika njia ya vijimatuta oili hupata moto na kufanya povu, na povu haliwezi kuzuia springi. Gesi ya naitrojeni iliyotiwa ndani huikandamiza oili isifanye povu upesi. Kwa safari zetu ndefu za vumbi, yenye gesi yafaa zaidi.

Swali la pili: je, ina bomba moja au mabomba mawili, moja ndani ya jingine? Ya bomba moja hupoa upesi, kwa sababu oili hugusana na ukuta wa nje. Lakini jiwe likiubonyeza ukuta huo, pistoni yaweza kukwama. Ya mabomba mawili hupoa polepole, ila huvumilia kubonyezwa, na bei yake aghalabu ni ndogo. Kwa pikapu ya chama ipitayo penye mawe kwa mwendo wa wastani, ya mabomba mawili yenye gesi yatosha.

Swali la tatu: je, ugumu wake wapatana na kazi yetu? Pikapu yetu huenda ghalani imejaa na kurudi tupu. Shokomzoba ngumu kupita kiasi itairusha gari irudipo bila mzigo, na itapasua vishikizo na kulegeza bolti. Tuchague ya wastani.

Swali la nne: je, urefu wake ni sawa? Ipimwe ikiwa imebonyea na ikiwa imevutika. Aliyeinua gari lake kwa springi mpya akabakiza shokomzoba fupi, ataivunja kwa kuivuta kupita mwisho wake. Na iliyo ndefu mno itagonga chini kabla springi haijafika kikomo. Tena zinunuliwe mbili mbili kwa kila ekseli, kwa kuwa mpya na kuukuu hazivuti pamoja.

Juu ya bidhaa bandia nitasema machache. Sheria ya Alama za Bidhaa tunayo tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Lakini mlinzi wa kwanza ni mnunuzi. Angalieni kama namba iliyopigwa juu ya chuma yalingana na ya kwenye kasha na kama mshono wa kuchomelea ni safi. Daini risiti ya EFD, kwani asiye na risiti hana pa kurudi. Chuma kikisha kufungwa, fundi akaze bolti za bushi gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, wala si likiwa juu ya jeki. Asipofanya hivyo bushi zitakatika mapema.

Na sisi wa pwani tuna adui mwingine, nayo ni chumvi. Pikapu iliyobeba samaki au kupita ufukoni ioshwe chini kwa maji baridi, ili kutu isile ule mti unaong'aa. Ukisha kuchubuka, huchana mpira wake na oili huvuja. Dereva atazame kila juma. Akiona oili imetiririka juu ya bomba, atoe habari siku ile ile. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Bwana Mwenyekiti, sasa naomba mambo mawili kwa viongozi. Kamati ya manunuzi isiangalie bei ya kununulia peke yake. Tuseme jozi moja yauzwa nusu ya bei ya nyingine, lakini yafa katika msimu mmoja, na ile ya pili yadumu misimu mitatu: katika misimu hiyo mitatu chama kitanunua ile rahisi mara tatu, na kulipa mara moja na nusu ya bei ya ile ghali, mbali na ujira wa fundi na matairi. Ili tujue ukweli wa jambo hilo, kila pikapu iwe na daftari lake: tarehe ya kufunga spea, kilomita, bei, na siku ilipoharibika. Daftari hilo lisomwe katika mkutano mkuu kama zisomwavyo hesabu nyingine, maana fedha ni ile ile.

Jambo la pili, vyama vya msingi vinunue spea hizi kwa pamoja kupitia Union. Tuliungana kuuza ili mnunuzi asitupunje mmoja mmoja. Sioni kwa nini tugawanyike tunaponunua.

Natumaini kuwa kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, kila chama kitakuwa kimeinama chini ya pikapu yake na kutazama.