Bunduki na Hewa ya Chumvi: Kusafisha na Kuhifadhi Silaha Yenye Leseni Nyumbani

Hotuba ya afisa wa mawasiliano ya umma wa kaunti kwa wakulima, wenye mashamba na wamiliki wa silaha, Malindi



Nianze kwa kuondoa utata. Serikali ya kaunti haitoi leseni ya bunduki, haiikagui wala haiifuti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka polisi na usalama chini ya serikali ya kitaifa, na leseni ya raia hutolewa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Basi kaunti inaongea nini hapa? Inaongea kwa sababu bunduki ikikaa vibaya katika nyumba, anayeumia ni mkazi wetu, na anakokimbizwa ni hospitali yetu.

Bunduki ninayoizungumzia leo ni ile ndogo ya nusu otomatiki inayotumia risasi ya .22, ambayo tundu la mtutu wake ni kama milimita 5.6. Nusu otomatiki maana yake ni kwamba ukifyatua mara moja inatoka risasi moja, kisha bunduki yenyewe inatema ganda na kuingiza risasi nyingine bila wewe kuigusa. Risasi yenyewe ni ya zamani, ilianza Marekani mwaka 1887. Bunduki inayojulikana zaidi ya aina hii ni Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, na magazini yake ya kawaida hubeba risasi 10. Silaha za kivita kama AK-47 na G3 ni mlango mwingine kabisa, na aliye nayo kinyume cha sheria hana haja ya somo la mafuta na burashi. Aipeleke kituo cha polisi.

Na kabla mtu hajauliza kuhusu paa na digidigi: uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Leseni ya bunduki si ruhusa ya kuingia msitu wa Arabuko-Sokoke, na nyani akivamia mahindi yako huko Langobaya, wa kuitwa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Watu huidharau .22 kwa sababu ni ndogo na mlio wake ni mdogo. Wengine huiita ya kuchezea. Watengenezaji wenyewe huonya kwenye boksi kwamba risasi hii inaweza kufika maili moja na nusu. Hiyo ni karibu kilomita 2.4, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Ukuta wa udongo na fito si wa kutegemewa kuizuia. Makuti ndiyo kabisa.

Sasa tuje kwenye chumvi. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa chumvi inafanya nini. Gongoni na Marereni jua likikausha maji ya bahari linatuachia chumvi ya kuuza, na upepo nao unatuletea ileile bila malipo hadi ndani ya vyumba vyetu. Angalia mabati ya nyumba za Mambrui, angalia bawaba za milango ya Watamu, angalia injini ya mashua ambayo haikusuuzwa kwa maji baridi. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani na kuukalisha juu ya chuma, kisha kutu huanza chini yake polepole, mahali usipopaona. Wakati wa kusi na mvua za masika, chuma kitupu kisicho na mafuta kinaweza kuonyesha madoa ya rangi ya chungwa katika siku chache tu. Hata jasho la kiganja lina chumvi. Ukiishika bunduki ukairudisha kabatini bila kuipangusa, umeiachia alama za vidole ambazo baada ya mwezi zitasomeka kwa kutu.

Ndugu zetu wa Bamba na Ganze wana shida tofauti kidogo. Kwao hewa ni kavu zaidi, na adui ni vumbi. Vumbi likichanganyika na mafuta mengi linakuwa kama msasa laini, linakula chuma na kukwamisha bolti. Kwa hiyo mtu wa Ganze asiige kiasi cha mafuta cha mtu wa Ngomeni.

Silaha hii inahitaji kusafishwa mara kwa mara, na kila inaposafishwa inatolewa mahali ilipofungiwa, inawekwa mezani, na watu wako nyumbani. Saa hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu aliyeishika anaamini kuwa haina kitu. Nawaomba mnisikilize hapa kwa makini, kwa kuwa mpangilio wa hatua una maana kubwa kuliko hatua zenyewe.

Kwanza elekeza mtutu mahali ambapo, hata risasi ikitoka, hakuna mtu nyuma yake. Ndoo kubwa iliyojaa mchanga inafaa sana, na mchanga hatujakosa. Kidole kiwe nje ya kifyatulio. Halafu toa magazini. Magazini ikishatoka, ndipo uvute bolti nyuma ili risasi iliyobaki ndani ya chemba itoke. Ukigeuza mpangilio huu, ukavuta bolti kwanza na magazini bado iko ndani, utaona risasi moja imeruka nje, moyo utatulia, na hapohapo bunduki itakuwa imejipakia nyingine. Kisha utatoa magazini na kuamini kwamba kazi imekwisha. Hapo ndipo mtu hupiga mguu wake, au mtoto wa jirani aliyekuwa amekaa barazani upande wa pili wa ukuta.

Baada ya hapo acha bolti ikiwa nyuma, tazama ndani ya chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe. Usiku au mahali penye kiza tumia tochi. Risasi ya .22 ni fupi na nyembamba, na chemba ikiwa na masizi inaweza kujificha. Sefti isikudanganye, ni kipande cha chuma kama vingine na kinaweza kuchakaa. Risasi zote ulizozitoa zihesabiwe na zipelekwe chumba kingine kabla hujafungua chupa ya mafuta.

Mahali pa kusafishia pasiwe jikoni wala juu ya mkeka wa kulia chakula. Risasi nyingi za .22 ni risasi tupu, yaani madini yale ya lead, na masizi yake yana sumu inayoingia mwilini kupitia mikono na vumbi. Watu wa Owino Uhuru, jirani zetu wa Mombasa, wanajua sumu hiyo ilivyowafanya watoto wao baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kuwekwa katikati ya makazi. Kiasi kinachobaki kwenye kitambaa chako ni kidogo mno kulinganisha na cha kiwanda, lakini mtoto mdogo anayetambaa na kulamba vidole hahitaji kingi. Kaa nje penye upepo au dirishani, mbali na jiko na sigara kwa kuwa dawa nyingi za kusafishia hushika moto, na ukimaliza nawa kwa sabuni hadi viwikoni. Vitambaa vilivyotumika vitupwe. Visirudi kuwa vya kufutia meza.

Kazi yenyewe haina makuu. Fungua bunduki kufuata kijitabu chake. Kama kijitabu kimepotea, muulize muuzaji mwenye leseni. Usijifunze kwa kubahatisha, maana springi zikiruka zinapotelea mchangani. Mtutu husafishwa kwa fimbo au kamba yenye burashi na kitambaa, ikipita kutoka upande wa chemba kuelekea mdomoni. Bunduki nyingi za nusu otomatiki hazikuruhusu kuingiza fimbo kutoka nyuma, na kwa hizo kamba ya kuvuta ndiyo nzuri zaidi. Fimbo ya chuma ikisugua ukingo wa mdomo wa mtutu, inauharibu, na bunduki haitalenga sawasawa tena. Pitisha kitambaa chenye dawa, subiri dakika chache, burashi, halafu vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke karibu kama kilivyoingia.

Pale kwenye uso wa bolti na kwenye chemba ndipo uchafu hasa wa .22 hukaa, kwa sababu baruti yake huacha masizi mengi na risasi yenyewe hupakwa nta au grisi. Aina hii hupiga na kujipakia kwa nguvu ya mlipuko wa risasi yake ndogo, kwa hiyo haina nguvu ya ziada ya kusukuma uchafu. Ikichafuka inakwama. Ikikwama, mtu hukasirika na kuanza kuitikisa huku mtutu ukizunguka huku na kule. Mengi ya hayo yangezuiwa na mswaki mkuukuu na dakika 10.

Mafuta yawe ya bunduki, ya madini, na yawe kidogo: utando tu unaoonekana kama mng'ao. Najua nyumba zetu hazikosi mafuta ya nazi, na bibi zetu wameyatumia kwa kila kitu kuanzia nywele hadi bawaba. Kwa bunduki hayafai. Yakikaa huchacha, huwa mazito na kunata, na uchachu huo nao unakula chuma. Mafuta ya kupikia ni vilevile. Yakizidi hata yale mazuri yanatiririka hadi kwenye magazini na kupenya risasi, kisha siku ya haja unasikia "tak" tupu.

Kwa hilo la "tak", mkiwa uwanja wa kulengea shabaha: risasi isipolipuka, shikilia mtutu ukielekea shabaha na uhesabu hadi 30 kabla ya kufungua, kwani inaweza kuchelewa na kulipuka. Na mkisikia mlio hafifu usio wa kawaida, acheni kabisa. Huenda kipande kimebaki ndani ya mtutu, na nusu otomatiki tayari imeshawapakia nyingine nyuma yake. Toeni magazini na risasi ya chemba, kisha mtutu ukaguliwe kutoka upande wa chemba kwa tochi.

Kuhusu kuhifadhi, nimesikia mengi yanayofanywa: chini ya godoro, juu ya kabati, ndani ya pipa la mahindi, katikati ya makuti. Moshi wa kuni unaopanda darini una uchachu, kwa hiyo hata tukisahau usalama, bunduki ya makuti itaoza. Mkoba wa ngozi au wa sponji nao ni wa kubebea tu. Ukiufanya wa kulalia, unafungia unyevu na chuma pamoja.

Inayofaa ni sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, mbali na ukuta unaovuja na mbali na bafu. Bunduki iingie ikiwa haina risasi, imepakwa mafuta, imesimama mdomo ukielekea chini kidogo ili mafuta yasishukie kwenye kitako cha mbao. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia kunyonya unyevu, lakini vikishalowa havina kazi tena, vibadilishwe. Pwani, fungua na kuipangusa angalau mara moja kwa mwezi hata kama hukuitumia, na wakati wa masika kila wiki mbili. Risasi zikae katika sanduku jingine lenye kufuli lake. Idadi yake ilingane na kile cheti chako kinachoruhusu, na iandikwe.

Ufunguo ndio kisa chenyewe. Ufunguo unaoning'inia msumarini nyuma ya mlango si ufunguo. Watoto wanajua kila kitu nyumbani, wanajua hata peremende zilipofichwa mwaka jana. Sheria inamtaka mwenye silaha aiweke salama wakati wote, na ikipotea au kuibwa apige ripoti polisi. Asingoje aitafute kwanza wiki nzima kwa aibu.

Jambo la mwisho linawahusu akina mama na vijana zaidi, kwa sababu mwenye leseni atakuwa hayupo. Mzee akifariki, shamba linarithiwa na mashua inarithiwa. Bunduki hairithiwi kwa njia hiyo. Cheti kilikuwa cha mtu mmoja na kimekufa naye, na yeyote anayebaki na silaha hiyo bila idhini anavunja sheria, hata kama hajaigusa. Msiisafishe, msijaribu kuona kama ina risasi, msimpe mjomba aichukue kwa matatu. Funga chumba, nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na cheti cha marehemu kama kipo, ueleze, na waje wenyewe kuichukua. Mkabidhiane kwa maandishi na mbaki na nakala. Kama mmoja wa familia anaitaka, ataomba leseni yake mwenyewe na kupimwa kama mwombaji mwingine yeyote.

Maswali ya vyeti yapelekwe kwa ofisi ya polisi ya kaunti ndogo yako, kuanzia Rabai hadi Magarini. Nakala za hotuba hii zitapatikana kwa wasimamizi wa wadi.