Ratiba ya ukutani sio dharura: tuwapigie hesabu watu wa ambulensi

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana)



Mimi bado mwanafunzi wa sheria, sijawa wakili, kwa hiyo leo nakuja na hesabu tu. Kaka yangu anaendesha ambulensi ya hospitali moja binafsi. Anaingia mchana siku 2, usiku siku 2, anapumzika siku 2, kisha anaanza upya. Kila zamu ni saa 12, saa 1 hadi saa 1. Hati yake ya mshahara haina hata mstari mmoja wa saa za ziada. Alipouliza akaambiwa, "Nyie ni watu wa dharura, sheria haiwagusi."

Hebu tuifungue hiyo sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Ni kweli kuna msamaha wa dharura, lakini ni kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanyika ndani ya saa za kawaida. Sasa ratiba iliyobandikwa ukutani tangu mwezi uliopita, hiyo ni dharura gani? Ajali ni dharura kwa aliyegongwa. Kwa kaka yangu ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Shikeni kalamu. Saa 48 ndani ya siku 6 ni wastani wa saa 56 kwa wiki. Zimezidi 11. Toa likizo ya siku 28, zinabaki wiki 48. Mara 11, unapata saa 528 za ziada kwa mwaka.

Tuseme mshahara ni shilingi 585,000. Gawanya kwa 4.333 mara 45, yaani kama 195. Saa moja ni 3,000, saa ya ziada ni 4,500. Mara 528: shilingi 2,376,000.

Bado usiku. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kila saa inaongezwa asilimia 5, yaani si chini ya shilingi 150. Kwa ratiba hii ni saa 1,120, sawa na 168,000.

Jumla 2,544,000. Hiyo ni zaidi ya mishahara minne, na sikukuu, zinazolipwa mara mbili, sijazigusa.

Watasema toa saa ya kula. Muulizeni: akiwa anakula, simu ikiita anaruhusiwa kukaa? Kama lazima awe tayari, sheria inasema saa hiyo inalipwa.

Kwa nini nahesabu kwa mwaka? Kwa sababu kwa mwezi ni kama laki mbili, na mtu anayeogopa kufukuzwa anasema yaishe. Kaka yangu alisema hivyo hivyo. Kumbe mgogoro kama huu unatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Ukichelewa, unaanza kwanza kuomba kibali na kueleza sababu.

Ombi langu ni dogo. Kila mmoja wetu wiki hii akae na mtu mmoja wa zamu: mlinzi, nesi, dereva. Mpigeni picha ratiba, andikeni saa kwenye daftari, hifadhini hati za mshahara. Tukienda kumtetea, twende na namba.