Goti Lililoumia na Miaka Inayofuata



Mchezaji akichanika kano ya msalaba ya mbele ya goti, mji mzima huuliza atarudi uwanjani lini. Naomba leo tuulize jambo jingine: goti hilo litakuwa na hali gani miaka kumi na zaidi baadaye?

Mwaka 2004 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya wanawake wacheza soka waliochanika kano hiyo miaka 12 kabla. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 31. Kati ya waliopigwa eksirei, asilimia 82 walikutwa na mabadiliko katika goti lililoumia, na asilimia 51 walikuwa tayari na ostioathraitisi, maradhi ya kusagika kwa goti tunayozoea kuyahesabu kuwa ya wazee. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa kuunda kano upya, lakini upasuaji huo haukuonekana kuwapunguzia dalili.

Kwa nini? Kwa sababu siku ya ajali kano haiumii peke yake. Mifupa hugongana, gegedu inayozifunika ncha zake hupondeka, na mara nyingi meniska, kipande cha gegedu kilicho kati ya mifupa hiyo, nayo huchanika. Uvimbe wa ndani huleta vimeng'enya vinavyoendelea kuila gegedu hata baada ya maumivu kutulia. Gegedu haina mishipa ya damu, hivyo hupona kwa shida sana. Haina neva pia, hivyo huharibika kimyakimya. Meniska yenyewe iliwahi kuondolewa nzima bila wasiwasi mkubwa; mwaka 1948 Fairbank, daktari wa Uingereza, alionyesha jinsi goti linavyobadilika baada ya kuikosa.

Mtaani tunaambiwa “ute umekauka”, na mgonjwa anashauriwa apumzishe mguu. Ushauri huo unaumiza watu. Goti lililojeruhiwa mara nyingi hujaa maji kupita kiasi. Na gegedu hulishwa kama sponji: ikibanwa na kuachiwa, ndipo chakula kinapoingia pamoja na ute. Anayekaa bila kutembea anaishindisha njaa, huku misuli ya paja, ambayo ndiyo inayopokea kishindo cha kila hatua, ikinywea.

Hapo ndipo penye kazi yetu, na kwa maoni yangu ndipo tunapozembea. Mwendesha bodaboda aliyevunjika goti hutolewa nyuzi, huambiwa amepona, kisha hatuonani naye tena mpaka arudi anachechemea. Mazoezi tiba yanahitaji miezi, na kwa sehemu kubwa hayahitaji mashine: kiti cha kukaa na kusimama, ngazi, mtu wa kusahihisha mwendo. Uzito nao una hesabu yake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 kwa wazee wanene wenye maradhi haya ulionyesha kuwa kila kilo moja iliyopungua iliondoa mzigo wa takriban kilo nne gotini kwa kila hatua.

Makocha mliopo, utafiti wa Norway wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi uwanjani baada ya upasuaji wa kano, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Msimpange kabla ya hapo, hata kama ni fainali. Nanyi wanafunzi wa tiba, msimwandikie mgonjwa wa goti ruhusa ya kwenda nyumbani bila tarehe ya kurudi kupimwa nguvu za paja.