Imeanza Lini? Kuchunguza Kompyuta Zinazoganda Baada ya Masasisho ya Mfumo Endeshi



1. Utangulizi

Kompyuta ikiganda, wengi wetu tuna dawa moja tu: kupiga Windows upya. Hata mimi nilikuwa hivyo. Miaka kadhaa iliyopita mhasibu wa shule aliniletea laptopu iliyokuwa ikisimama kila baada ya dakika chache. Mshale hausogei, saa ya pembeni imekwama saa 4:17, taa ya diski inawaka bila kupepesa. Sikumuuliza kitu. Nilinakili mafaili yaliyokuwa mahali pa kawaida, nikapiga Windows, nikalipwa. Kesho yake akarudi. Hesabu za ada za muhula mzima zilikuwa ndani ya folda ya programu ya uhasibu, ambayo sikuifungua. Akaniambia kwa upole, "Fundi, mbona ilianza Jumatano tu, ilipojizima na kujiwasha ikisema inasasisha?"

Mada hii imetokana na sentensi hiyo. Swali letu la kwanza lisiwe "ina nini?" bali "imeanza lini?"

2. Tarehe inasema nini

Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za Pasifiki za Marekani. Kwetu Afrika Mashariki huwa ni saa mbili au saa tatu usiku, ofisi zimefungwa. Kwa hiyo kompyuta nyingi hukutana na sasisho Jumatano asubuhi au siku zinazofuata. Ukiletewa mashine tatu zilizoanza kuganda wiki hiyo moja, usikimbilie kung'oa RAM.

Mfano mzuri ni wa 2016. Tarehe 2 Agosti mwaka huo Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10. Baadhi ya kompyuta zilianza kuganda, hasa zile zenye mfumo kwenye diski ya SSD huku programu na data zikiwa kwenye diski nyingine. Fundi asiyeuliza tarehe angesema diski imekufa. Lakini Microsoft yenyewe ilieleza kwamba tatizo halikutokea kompyuta ilipowashwa katika Safe Mode. Hapo ndipo penye somo: mashine inayotulia ikiwa na draiva chache na huduma chache, kwa kawaida vifaa vyake ni vizima. Marekebisho yalifika mwishoni mwa Agosti. Tatizo ni kwamba sasisho hilohilo lilipunguza muda wa kurudi toleo la zamani kutoka siku 30 hadi 10. Aliyechelewa kuuliza tarehe alikuta mlango umefungwa.

3. Hatua za uchunguzi

*Kwanza, hakikisha imeganda kweli.* Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiitika, huenda mashine imelemewa tu. Baada ya sasisho huwa bado inamalizia kazi chinichini, na kwenye diski ya zamani inaweza kuchukua saa kadhaa. Mpe mteja kiti, usiizime mashine.

*Pili, tafuta ushahidi.* Andika perfmon /rel kwenye sehemu ya kutafutia. Utaona chati ya siku kwa siku: alama nyekundu za hitilafu, na chini yake masasisho yaliyoingia. Alama nyekundu zikianza siku ya sasisho na kuendelea, umepata mtuhumiwa. Nakili namba yake inayoanza na KB.

*Tatu, jaribu skrini.* Toleo la Windows 10 la Aprili 2018 liligandisha baadhi ya kompyuta zilipotumia Chrome. Ushauri wa muda ulikuwa kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, ambavyo huwasha upya draiva ya picha. Skrini ikirudi, angalia draiva kabla ya kitu kingine.

*Nne, rudi hatua moja.* Shikilia Shift huku ukibofya Restart ili ufike kwenye ukurasa wa matengenezo. Ikishindwa kufika huko, izime kwa kitufe cha umeme inapoanza kuwaka, mara mbili au tatu mfululizo, mpaka ukurasa huo utokee. Nakili data yote kwanza, kisha ondoa sasisho la karibuni. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Mwenye mashine autafute kabla hujaanza.

*Tano, ndipo upige Windows,* kama hayo yote yameshindikana.

4. Mapendekezo

Wapo wanaohitimisha kwamba dawa ni kuzima masasisho moja kwa moja. Hapana. Kirusi cha WannaCry kilipoenea Mei 2017, kinga yake ilikuwa imetolewa tangu Machi. Wengi walioumia ni ambao hawakuisakinisha. Kusitisha kwa wiki moja ni tahadhari. Kuzima kwa mwaka ni kuacha mlango wazi.

Napendekeza kila ofisi au shule iteue kompyuta moja isiyo na kazi nyeti, ipokee sasisho kabla ya nyingine. Ikifanya kazi siku tano au sita bila kuganda, nyingine zifuate. Sasisho pia lifanyike mashine ikiwa na chaji ya kutosha, maana umeme ukikatika katikati unaweza kuleta kuganda ambako hakukutokana na sasisho lenyewe.

5. Hitimisho

Kwenye karakana yangu kuna daftari limefungwa kwa kamba mguuni mwa meza. Lina safu nne: tatizo lilianza lini, dalili, namba ya sasisho, nilichofanya. Mteja hafungui begi kabla safu ya kwanza haijajazwa. Yule mhasibu aliandika upya hesabu za ada kutoka kwenye stakabadhi, moja moja, kwa wiki mbili. Nilikaa naye jioni kadhaa nikimsomea namba.