Mechi ya nafasi ya tatu: tuifute ao tuicheze?

Maneno yaliyosemwa mbele ya kamati ya mashindano ya vijana kwa ajili ya amani



Tumeletewa pendekezo kwamba mwaka huu tumalize na fainali peke yake. Walioleta pendekezo wana sababu. Pesa ya refa na ya usafiri ni kidogo, na timu mbili zilizopoteza nusu fainali huja na uchungu. Hata wakubwa wamesema hivyo. Mwaka 2014 kocha wa Uholanzi, Louis van Gaal, alisema mechi hii haipaswi kuchezwa kabisa, kisha timu yake ikaifunga Brazil 3-0. Kombe la Ulaya liliifuta baada ya mwaka 1980.

Sisi Wakongo tuna historia nyingine. Mwaka 1998, huko Burkina Faso, Chui wetu walikuwa nyuma 4-1 mechi ikikaribia kwisha. Wakasawazisha 4-4, wakachukua nafasi ya tatu kwa penalti. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule vita vikaanza upya.

Lakini mfano ninaoutaka hasa ni wa Malabo, 2015. Tarehe 5 Februari, Guinea ya Ikweta ilikuwa inafungwa na Ghana katika nusu fainali. Watu wakatupa chupa na vitu vingine, mashabiki wa Ghana wakakimbilia uwanjani kujiokoa, mechi ikasimama zaidi ya nusu saa. CAF ikatoza faini ya dola 100 000. Siku mbili baadaye, katika uwanja ule ule, wenyeji walirudi kucheza na sisi. Ilikuwa 0-0, na kipa wetu Kidiaba na wenzake wakashinda penalti 4-2. Fujo ilitokea kwenye nusu fainali, si kwenye mechi hii ambayo tunataka kuifuta. Basi walinzi na wazee wa mitaa tuwaweke kwanza siku ya nusu fainali.

Tukiwaambia vijana wa timu hizo mbili warudi nyumbani siku ile ile, wanarudi mtaani na hasira, na mtu wa kwanza kukutana nao ni jirani wa timu iliyowashinda. Afadhali wawe na siku nyingine ya kuingia uwanjani.

Tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, wachezaji wetu waliziba mdomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani kama bunduki, kwa ajili ya watu wanaouawa mashariki. Walipoteza 1-0 mbele ya Ivory Coast. Siku tatu baadaye walicheza na Afrika Kusini, wakapoteza tena, 6-5 kwa penalti. Hawakupata medali. Lakini walikuja, na sisi tulikaa kwenye redio hadi penalti ya mwisho.

Na Korea ya Kusini, mwaka 2002, Uturuki iliwashinda wenyeji 3-2. Mechi ilipokwisha wachezaji wa pande zote walishikana mikono, wakaenda pamoja kusalimia watu.

Naomba basi: mechi ichezwe asubuhi ya siku ya fainali, nusu saa kila kipindi. Ikiwa sare, penalti moja kwa moja. Timu zote mbili zipewe mpira mmoja mmoja wa kwenda nao mtaani. Pesa ya mipira hiyo tuitoe kwenye bajeti ya spika. Za mwaka jana zilitusumbua masikio tu.