Mzigo Bila Kamba Hauendi Safari
Mazungumzo na makatibu wa vikundi, Wajir

 

Leo hatutaongea juu ya mbuzi wala visima. Tutaongea juu ya karatasi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, kiwe na katiba na kumbukumbu za mkutano. Ukitaka msaada au mkopo, unaulizwa tena makadirio ya pesa. Zamani katibu aliandika kwa mkono. Siku hizi tunapeleka kwa kompyuta, na hapo taabu inaanza.

Nitawapa mfano. Kikundi kimoja cha akina mama wauza maziwa kilinijia na ombi lao, nami nikawasaidia kulipiga chapa. Bei nilizipanga mstari mmoja kwa kubonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi, mara kumi, mara ishirini, mpaka zikalingana. Kwangu zilionekana safi kabisa. Tukatuma. Kule lilikofunguliwa, mistari ilirefuka, na ile 85,000 ya friza ikashuka chini, ikakaa karibu na neno "nauli". Ombi likarudi na swali: nauli gani hii ya shilingi elfu themanini na tano? Mpaka tueleze na kutuma tena, muda wa maombi ulikuwa umekwisha. Akina mama hawakuiba hata senti moja, lakini karatasi yao ilisema vingine. Kosa lilikuwa langu, si lao.

Sasa, kwa nini ilikuwa hivyo? Nyinyi mnajua kupakia ngamia. Ukiweka mzigo juu yake akiwa amelala chini, unaweza kukaa vizuri bila kamba. Shida ni wakati anaposimama. Maandishi yaliyopangwa kwa nafasi tupu ni huo mzigo bila kamba. Kwa kompyuta yako yanakaa. Yakienda kwa nyingine yanaanguka, kwa sababu kila kompyuta ina fonti zake, yaani aina za herufi. Isipokuwa na fonti uliyotumia, inaweka nyingine, pengine nene zaidi, na kila kitu kinasogea.

Basi tujifunze kufunga kamba.

Kwanza, bei na majina yaweke ndani ya jedwali. Kila namba inakaa katika chumba chake, haitoki. Kama ni mstari mmoja au miwili tu, tumia kitufe cha Tab, si nafasi.

Pili, ukitaka kuanza ukurasa mpya, usibonyeze Enter mara nyingi. Shika Ctrl, kisha bonyeza Enter mara moja. Hata ukiongeza maneno juu, ukurasa mpya utabaki mpya.

Tatu, vichwa vya katiba usivipambe kimoja kimoja. Chagua mtindo wa kichwa katika ile orodha ya mitindo. Ukibadilisha mtindo huo mara moja, vichwa vyote vinafuata. Na namba za vifungu iachie kompyuta izihesabu. Mkifuta kifungu cha 4 mkutanoni, cha 5 kitakuwa 4 chenyewe.

Nne, maneno uliyotoa kwa WhatsApp au kwa intaneti huja na nguo zake: rangi, ukubwa, fonti. Ukiyabandika, chagua kubandika maandishi matupu.

Tano, angalia kipimo cha karatasi. Hapa Kenya tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Kompyuta nyingine zimewekwa karatasi ya Marekani, Letter, 216 kwa 279. Hiyo ni fupi kwa milimita 18. Ndiyo maana pengine sahihi ya mwenyekiti hujikuta peke yake ukurasa wa nyuma.

Na kama mambo yameharibika tayari? Usianze kufutafuta ovyo. Fanya kama mganga wa mifugo, angalia ndani kwanza. Kuna kitufe chenye alama kama P iliyogeuzwa, ¶. Katika Word unaweza pia kushika Ctrl na Shift ukabonyeza 8. Katika LibreOffice ni Ctrl na F10. Hapo yaliyofichika yanaonekana: kila nafasi ni kidoti, kila Tab ni mshale, kila Enter ni ¶. Ukiona vidoti kumi vimefuatana, umeupata ugonjwa. Ukikosea katika kutibu, Ctrl na Z itakurudisha nyuma.

Mwisho, kabla ya kutuma, toa nakala ya PDF. Hiyo ni mzigo uliokwisha kufungwa, hausogei njiani. Ifungue kwa simu ya mwenzako, mweke hazina asome kila bei kwa sauti. Lakini ile nakala ya kwanza msiitupe. Ndiyo mtakayorekebisha mwaka ujao.

Msiseme, "Hayo ni ya kijana wa duka la kompyuta." Yeye analipwa kwa ukurasa. Karatasi ikirudi, wanaokosa friza ni nyinyi. Mkae karibu naye, mwambieni, "Weka kwa jedwali, tupatie na PDF." Hata asiyejua kusoma anaweza kuuliza hivyo.

Ya kuzungumza katika kikundi:
1. Katiba yetu iko wapi katika kompyuta, na ni nani mwenye nakala?
2. Nani husoma bei zetu kabla hazijatumwa?
3. Ni kijana gani wetu tutamtuma ajifunze, kisha afundishe wengine?

Haya, tufungue ile katiba yenu, tuone vidoti viko wapi.