Jukwaa Ni la Nani?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vikundi vya kanisa na wanaharakati)



Nimeombwa ninene juu ya sanaa ya wananchi na serikali za mitaa. Nitaanza na Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kwa kuwa wengi tunalitaja jina hilo bila kukumbuka ni nani hasa aliyelizima jukwaa lake.

Mwaka 1977 wakulima na vibarua wa hapo walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao, lenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Baadhi yao walikuwa wametoka katika darasa la ngumbaru. Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, waliijadili mazoezini neno kwa neno, wakiwasahihisha watunzi pale usemi usipofanana na wa mzee au wa kibarua. Ilianza kuonyeshwa Oktoba 2. Novemba 16 kibali kikafutwa.

Aliyekifuta hakuwa diwani. Alikuwa mkuu wa wilaya, mteule wa kutoka juu, ambaye hakuna mwana Limuru aliyempigia kura. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, na Machi 1982 jukwaa likabomolewa. Siwasifu mno madiwani wa zama zile. Wengi waliujua ushuru wa soko kuliko ngoma. Lakini diwani ungeweza kumkabili Jumapili mlangoni pa kanisa ukamtaka maelezo.

Katiba ya 2010 imeziweka shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho ya mahali mikononi mwa kaunti 47. Hata hivyo, Aprili 2025 huko Nakuru, wasichana wa Butere walipofika kucheza Echoes of War, gesi ya machozi ilifyatuliwa, ingawa Mahakama Kuu ilikwisha kuamuru waruhusiwe. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka.

Mtaniambia polisi si wa kaunti. Ni kweli. Lakini kaunti yaweza kuwa na ukumbi wenye kanuni zilizoandikwa na ada inayojulikana, ambao kikundi cha vijana hukodi bila kuulizwa watasema nini humo. Mahali pengi vijana hutegemea kumbi zetu za kanisa, na hapa wachungaji mnistahimili. Ni mara ngapi tumewanyima ufunguo kwa sababu mchezo wao unamgusa mheshimiwa aliyetuchangia mabati? Siku hiyo sisi ndio mkuu wa wilaya.

Sheria yaitaka kaunti iwasikilize wananchi kabla ya kupitisha bajeti. Tangazo likitoka, twendeni na waraka mmoja: tunataka ukumbi, taa, na kifungu kisemacho kwamba hakuna ofisa atakayedai kuusoma mchezo kwanza. Walio tayari kuuandika wasiondoke baada ya chai. Meza iko pale karibu na mlango, na karatasi zipo.